Fani na Maudhui ya Kadi Nyekundu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo tumeirithi na kuitumia kila siku, lakini ukiichunguza utaona kwamba haituelezi kizuri ni kipi. Viko vitu vinavyojiuza kwa kazi yake, viko vinavyojiuza kwa sura yake, na viko vichache vinavyodai kufanya yote mawili kwa pamoja. Kitu ninachokusudia kukihakiki katika kurasa hizi ni cha kundi hilo la tatu. Ni kadi ya michoro ya kompyuta, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapenda michezo na kupambwa kwa sura ya katuni ya Kijapani.

Msomaji wa rika langu huenda akashangaa, maana amezoea kunisoma nikichambua riwaya na tamthilia. Naomba anivumilie. Katika chuo cha ualimu niliwafundisha wanachuo, mwaka baada ya mwaka, kwamba kazi ya sanaa ina pande mbili, fani na maudhui, yaani namna ya kusema na jambo linalosemwa. Na kwamba mhakiki anayeshika upande mmoja akauacha mwingine ni sawa na mtu anayepiga kasia upande mmoja tu wa mtumbwi: atazunguka pale pale. Sioni sababu ya kanuni hiyo kuishia kwenye vitabu. Kitu chochote kilichotiwa picha na maneno kimeomba kusomwa, na kinachoomba kusomwa kisilalamike kikisomwa kwa makini.

Kadi yenyewe ni ROG Strix GeForce RTX 4090, toleo la EVA-02, iliyotolewa na kampuni ya ASUS ya Taiwan mwaka 2023. Moyo wake, yaani ile chipu inayofanya hesabu, umebuniwa na Nvidia ya Marekani na kutengenezwa na TSMC ya huko huko Taiwan. Pambo lake limetoka Japani, katika tamthilia ya katuni iitwayo Neon Genesis Evangelion.

Kwa wasioifahamu kazi ya kadi kama hii, nitaieleza kwa mfano wa darasa. Kompyuta ina kichakato kikuu, ambacho ni kama mwalimu mmoja hodari: mpe hesabu ngumu, ataitatua hatua kwa hatua. Lakini kuchora picha kwenye skrini si hesabu moja ngumu, bali ni hesabu nyepesi zisizo na idadi. Skrini ya kiwango kinachoitwa 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla yake nukta 8,294,400, na kila nukta lazima ipewe rangi yake. Picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, hizo ni rangi karibu milioni 500 za kuamuliwa katika kila sekunde moja. Mwalimu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi. Kadi ya michoro ni darasa la wanafunzi 16,384. Hakuna hata mmoja kati yao anayemfikia mwalimu kwa akili, lakini wote wanaandika kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ya kadi, ambayo ni gigabaiti 24, ndiyo ubao ambao darasa zima linauandikia.

Nimeiona ikifanya kazi kwa siku nane nyumbani kwa mjukuu wangu, kijana wa miaka 27. Riziki yake ni kuwachorea wasanifu majengo picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mteja aone jua litakavyoingia sebuleni kabla hajanunua hata tofali moja. Burudani yake ya usiku ni michezo ya kompyuta. Kadi aliinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa ameitumia kabla yake.

Kuhusu kazi, sina budi kusema kwamba sikuona cha kulaumu. Picha ya nyumba ambayo, kwa maelezo yake, kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikiifanyia kazi usiku kucha, niliiona ikikamilika kabla chai yangu haijapoa. Katika michezo nako kadi ni hodari, ingawa ustadi wake una mipaka. Mchezo uitwao Cyberpunk 2077 umekuwa, tangu mwaka 2023, na hali maalumu ambayo njia za miali ya mwanga hufuatwa. Katika hali hiyo, kwa skrini ya 4K, hata kadi hii haiendi peke yake. Hutegemea mbinu ya kuchora picha ndogo na kuikuza, pamoja na kubuni picha za katikati ambazo hazikuchorwa na mchezo wenyewe. Mjukuu wangu aliniuliza kama ninaona tofauti kati ya picha zilizochorwa na zile zilizobuniwa. Nilimjibu kwamba sizioni, na kwamba huko kutoziona ndiko kunakonipa mawazo.

Gharama yake ya umeme ni kubwa. Nvidia imeikadiria RTX 4090 kutumia wati 450. Ikitumia kiasi hicho kwa saa nne, hizo ni uniti 1.8 za LUKU, bila kuhesabu sehemu nyingine za kompyuta, na umeme wote huo mwishowe hugeuka joto ndani ya chumba. Ndiyo maana kadi ni kubwa kiasi hicho: urefu wake unazidi sentimita 35, unene wake ni sentimita 7, na uzito wake unapita kilo mbili. Sehemu kubwa ya mwili huo si akili bali ni mapezi ya chuma na feni tatu za kuondoa joto. Feni hizo husimama kabisa kadi ikiwa imepoa, jambo ambalo mzee kama mimi, asiyependa kelele, analithamini.

Nageukia sasa pambo. Hatuwezi kulipima bila kwanza kuijua hadithi lilikotoka, nami nimeitazama yote. Evangelion iliongozwa na Hideaki Anno katika studio ya Gainax, ikarushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, sehemu 26, kisha ikaja filamu ya mwaka 1997 ya kuimalizia. Viumbe wa ajabu waitwao Malaika wanauvamia mji wa Tokyo-3, na wanadamu wanajikinga kwa majitu makubwa yaitwayo Eva. Marubani wa majitu hayo ni watoto wa miaka 14. Mtazamaji wa sehemu za mwanzo atadhani kwamba hii ni hadithi ya vita vya mashine, kama zilivyo nyingi. Kadiri anavyoendelea anatambua kwamba majitu si mashine. Ni viumbe hai, na ile deraya ya rangi waliyovikwa haikuwekwa kuwakinga tu, bali pia kuwafunga ili wasiwashinde mabwana zao. Ndani ya jitu, tena, mna roho ya mama.

EVA-02 ni jitu jekundu, na rubani wake ni msichana aitwaye Asuka. Ana kiburi, ana maneno makali, anataka kuwa wa kwanza katika kila jambo. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo, na mwalimu mwenye uzoefu hujua kwamba chini ya kiburi cha mtoto aghalabu pana jeraha. Mama yake alirukwa na akili, kisha akajiua, na yeye akajiapiza kwamba hatalia tena. Katika filamu ya mwaka 1997 ndipo anapogundua kwamba mama yake alikuwa pamoja naye ndani ya jitu siku zote.

Jambo jingine la kukumbuka ni waya. Jitu hupata umeme kwa waya mnene unaochomekwa mgongoni, nao katika hadithi umepewa jina la kitovu. Waya ukikatika, betri ya ndani hudumu dakika tano tu. Hofu kubwa ya hadithi imo katika dakika hizo. Mtoto anapigana na huku namba zinahesabu kurudi nyuma. Sisi ambao vitovu vyetu vimezikwa mahali tunapopajua hatuhitaji kuelezwa kwa nini mwandishi alichagua jina hilo.

Je, wapambaji wa kadi waliisoma hadithi hiyo, au waliitazama rangi yake tu? Hilo ndilo swali la uhakiki huu, na nitalijibu kwa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya mahali pa pambo. Nyekundu ndiyo iliyotawala kadi, ikisaidiwa na rangi ya chungwa, na kwa upande wa feni imepangwa kwa ustadi. Ukiishika mkononi unaliona lile jitu. Mfano wa deraya pia umekaa vizuri, kwa kuwa gamba la kadi nalo limefunika kitu chenye joto na nguvu ambacho lazima kidhibitiwe. Lakini kadi haikai mkononi. Ikichomekwa kwenye kompyuta kwa namna ya kawaida, feni hutazama chini, na uso ule mzuri kuliko nyuso zake zote huangalia sakafu. Mwenye kuitazama kupitia kioo cha ubavuni huona ukingo. Nikakumbuka kanga. Mama zetu walivaa kanga ambazo nyingi zilichapwa Japani na India, mbali sana na wavaaji, lakini aliyepanga mahali pa maneno alijua msomaji atasimama wapi: yuko nyuma ya mvaaji, na maneno yanamkabili. Kadi hii imeandikwa kwa msomaji aliyelala chini ya meza.

Hoja ya pili ni ya waya. Kadi za RTX 4090 hupokea umeme kwa plagi moja ndogo yenye pini 16, iliyokusudiwa kupitisha hadi wati 600. Zilipoingia sokoni Oktoba 2022, haukupita muda watu wakaanza kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Novemba ya mwaka huo Nvidia ilieleza kwamba ilikuwa na taarifa za matukio kama 50 duniani kote, na kwamba jambo lililojirudia ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 umbo la plagi likarekebishwa: pini za kutambua zikafupishwa, ili plagi isiyokaa sawasawa isipitishe umeme.

Msomaji atakuwa ameshaona ninakoelekea. Hapa palikuwa na hadithi ambayo hofu yake kuu ni waya wa umeme, na palikuwa na kadi ambayo udhaifu wake uliozungumzwa zaidi ni waya wa umeme. Fani na maudhui vilikuwa vimesimama mlango mmoja, vikisubiri mtu wa kuvitambulisha. Mpambaji aliyeisoma hadithi angalianzia hapo. Angaliweka rangi ya hadhari kwenye shina la plagi, rangi ambayo inatoweka pale tu plagi inapozama barabara, na kila mpenzi wa Evangelion angalielewa bila kuelezwa kwamba kitovu kimeshika. Kampuni nyingine, MSI, ilikuja kutia ncha ya plagi zake rangi ya manjano kwa nia hiyo hiyo, tena bila hadithi yoyote: ukiiona manjano, sukuma zaidi. Hilo ni pambo linalofanya kazi, na ndilo ninaloliita pambo lililosomwa.

Hoja ya tatu itawachekesha walimu wenzangu. Pamoja na kadi hii, ASUS ilitoa mwaka 2023 vifaa vingine vya jamii moja nayo, kikiwamo bodi mama kiitwacho ROG Maximus Z790 Hero EVA-02. Juu ya bodi hiyo lilichapwa jina la tamthilia, likasomeka EVANGENLION. Herufi N imepenya mahali pasipo pake, na hakuna aliyeiona mpaka kifaa kikawafikia wanunuzi. Kampuni haikukana. Ilikiri kosa, ikatoa kipande cha kubadilishia, ikaongeza na mwaka mmoja wa dhamana. Ni haki kuyataja hayo. Hata hivyo nimesahihisha maandishi kwa maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba makosa ya tahajia hayako sawa. Anayekosea jina la mji asioufahamu tunamsahihisha na kuendelea. Anayeandika barua ya mapenzi akakosea jina la mchumba ametoa habari ambayo hakukusudia kuitoa. Kifaa hicho kiliuzwa kwa jina la mapenzi. Mnunuzi aliambiwa, tunakipenda unachokipenda. Herufi moja ikaonyesha kwamba jina hilo lilipita mikono mingi isiyolipenda.

Wako watakaosema kwamba ninatilia maanani mambo madogo, na kwamba kadi ni ya kazi, pambo ni nyongeza tu. Nami ningekubaliana nao kama wakati usingepita. Mwaka 2022 RTX 4090 ilikuwa juu ya kadi zote za michezo. Januari 2025 ilitangazwa RTX 5090, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 na mahitaji ya wati 575, na ule ufalme ukaisha. Kasi, ambayo ndiyo iliyouzwa kwa maelfu ya dola, ilidumu kileleni miaka miwili na miezi michache. Picha bado iko pale pale, na nyekundu haijapauka. Katika vitu vya aina hii kazi ndiyo inayozeeka upesi, na pambo ndilo linalobaki na mwenye kitu. Kwa hiyo aliyelifanya pambo kuwa jambo la mwisho la kufikiriwa amekosea hesabu: amelipuuza lile litakaloishi zaidi.

Jambo hilo halikuwa la nadharia katika nyumba niliyofikia. Mteja alikuwa amejitokeza kuinunua kadi ile, na mjukuu wangu alikuwa anapima kama aiuze, aongeze fedha alizokusanya kwa mwaka mzima, anunue kadi mpya nyeusi isiyo na picha.

"Babu," aliniambia, "kazini sijaona pungufu. Lakini kila mtu ananiambia imeshazeeka."

"Nani kila mtu?"

"Wenzangu."

"Hao wenzako wanakulipia LUKU?"

Akacheka, kisha akanyamaza. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu najua jambo ambalo wenzake hawalijui. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alifariki kijana huyu akiwa kidato cha kwanza, ana umri wa wale marubani. Mwaka ule hakuzungumza sana na mtu. Alikuwa akitazama katuni hizi usiku kwenye kompyuta ya binamu yake, na sisi wakubwa tulikuwa tukimwambia azime akalale. Nilipozitazama mwenyewe, nikafika pale msichana anapomkuta mama yake ndani ya chuma, nilielewa kwa nini kadi ni nyekundu na si nyeusi. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Kuna mambo ambayo babu na mjukuu huyajua pamoja bila kuyasema.

Ushauri niliompa ulikuwa wa mhakiki. Nilimwambia apige hesabu ya kazi yake peke yake kwanza, kana kwamba kadi haina rangi. Je, gigabaiti 24 zimeshindwa kubeba mchoro wowote wa mteja? Hazijashindwa. Je, kadi mpya itamwongezea kazi ya kulipwa au itamwongezea haraka ya mchezo? Alisema ni ya mchezo. Kisha, nikamwambia, aichomoe ile plagi, aitazame kama haina alama ya kuungua, airudishe na kuisukuma mpaka mwisho. Baada ya hapo aamue mwenyewe. Ameiacha kadi mahali pake, na fedha ameziweka kununulia skrini bora ya kuwaonyeshea wateja michoro.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa upande wa kazi, kadi ilistahili sifa ilizopewa, na kwa mtu wa michoro bado inastahili, mradi aipate kwa bei ya kitu kilichokwishatumika na awe na umeme wa kuilisha. Kwa upande wa pambo, ninaipa nusu ya alama: rangi ni sahihi, mfano wa deraya ni mzuri, lakini mahali pa pambo ni pabaya, na nafasi ya kusema jambo kuhusu waya iliachwa ipite. Anayetaka kununua kadi yenye katuni anayoipenda asione haya. Watu wamepamba mitumbwi, milango na majembe tangu zamani, na aliyepamba jembe hakulima vibaya kwa sababu hiyo. Lakini alipe fedha za pambo baada ya kuhakikisha kwamba kadi isiyopambwa ya bei hiyo haina kumbukumbu zaidi, kwa maana picha haiongezi hata gigabaiti moja.

Nao watengenezaji, kama maneno ya mzee wa mbali yanaweza kuwafikia, ningewaomba jambo moja tu. Vijana wanaonunua vitu hivi hawanunui rangi. Hadithi hizi walizitazama katika miaka ambayo hatukujua la kuwaambia, nazo ziliwaambia kitu. Anayezichukua na kuzichapa kwenye chuma ameshika amana ya mtu. Azitazame kwanza hadi mwisho, ndipo achukue brashi; na kabla ya kuchapa, amtafute mtu mmoja mwenye miwani alisome jina herufi kwa herufi.